Sekunde mbili za Chalinze: historia ya turbo inayochelewa kuamka

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine mmeshaanza kuulizia kama nimepata kazi serikalini au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikuwa gereji. Na siku ambazo sikuwa gereji nilikuwa nasoma habari za gereji, jambo ambalo kwa mtu aliyesomea uandishi wa habari naomba lihesabiwe kama kazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi uliopita nilimpakia mama kutoka Dar kwenda Morogoro, kwenye msiba wa shangazi yake. Mbele kidogo ya Chalinze tukakuta lori la mafuta linapanda kilima taratibu. Nikachungulia, barabara nyeupe, nikatoka kulipita. Nikakanyaga moto. Kimya. Injini inaguna tu, gari haliendi. Moja... mbili... Kule mbele basi likatokeza kwenye mwinuko, limewasha taa zote. Nikaanza kufikiria kurudi nyuma ya lori, na hapo hapo turbo ikaamka, gari likaruka kama limechomwa sindano, kichwa cha mama kikagonga kiti. Nikashika breki, nikajichomeka nyuma ya lori gari likiyumba. Basi likatupita likipiga honi mpaka likapotea.

Mama hakusema neno mpaka tulipofika Mikese. Ndipo akaniuliza, taratibu kabisa: "Mwanangu, hili gari lako kwani linafikiri kwanza?"

Nilicheka, cheko la woga. Siku ya kurudi Dar alipanda basi. Alisema tu kwamba kwenye basi miguu inanyooka vizuri, lakini mimi na yeye tulijua.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet Glanza V, kale kadogo kenye tundu la hewa juu ya boneti. Starlet za umbo hili zilitoka mwaka 1996 na zikaisha mwaka 1999 Toyota walipoleta Vitz. Injini yake ni cc 1,331 tu, lakini ina turbo, na kiwandani ilitoka na nguvu za farasi 135. Kwa gari la ukubwa ule hiyo ni pilipili. Tatizo ni kwamba pilipili yenyewe ilikuwa inafika ukiwa umeshamaliza kula.

Sasa swali la mama limenikaa kichwani, maana nilipoanza kulifuatilia nimegundua wahandisi wakubwa duniani wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne. Gari linafikiri kwanza. Kwa nini?

Tuanze na turbo ni kitu gani. Injini inavuta hewa, inachanganya na petroli, inalipua, halafu inatoa moshi kupitia ekzosi. Moshi ule unatoka na joto na kasi, na kwenye gari la kawaida nguvu hiyo yote inapotea hewani. Turbo ni feni mbili kwenye chuma kimoja. Feni ya kwanza inakaa kwenye njia ya moshi, inazungushwa bure. Feni ya pili, kwa kuwa wako kwenye chuma kimoja, nayo inazunguka na kusukuma hewa nyingi kuingia kwenye injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Kwenye gari dogo feni hizo zinapita mizunguko 100,000 kwa dakika.

Umeliona tatizo? Ili turbo izunguke inahitaji moshi mwingi. Ili moshi uwe mwingi injini inahitaji hewa nyingi. Ili hewa iwe nyingi turbo inahitaji kuwa inazunguka. Ni kama kijana anayetafuta kazi akaambiwa alete uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Mwishowe mduara huo unafunguka, lakini unachukua muda. Muda huo ndio uliokuwa unasogelea basi pale Chalinze.

Mwanzoni kabisa hakuna aliyelalamikia muda huo. Aliyevumbua kitu hiki ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hati miliki ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Büchi alikuwa akiwaza mitambo mikubwa ya dizeli. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Kijerumani ziliwekewa injini za dizeli zenye turbo. Sasa fikiria meli. Ikishatoka bandarini nahodha anaweka mwendo mmoja, na injini inanguruma vile vile usiku kucha. Turbo ikichelewa kuamka dakika nzima nani atajua?

Kwenye ndege ikawa hivyo hivyo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado, kama mita 4,300, yaani chini kidogo ya kilele cha mlima Meru wetu. Huko hewa ni nyepesi na injini ya kawaida inakosa pumzi kama mimi kwenye ngazi. Yenye turbo ikarudisha nguvu zake. Lakini na ndege nayo ikishapaa inatulia kwenye mwendo wake. Hakuna taa nyekundu angani, hakuna bajaji.

Kwa hiyo ugonjwa huu ulizaliwa siku turbo ilipopelekwa mjini. Gari la mtu binafsi linakanyagwa, linaachiwa, linakanyagwa tena, mara mia kabla hujafika kazini. Turbo inalala na kuamshwa, inalala na kuamshwa. Haikuumbwa kwa maisha hayo.

Waliojaribu mwanzo ni General Motors, mwaka 1962, kwa magari mawili: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Hii Jetfire ina kisa. Ili injini yake isijilipue kwa joto, iliwekewa tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, wakayapa jina la Turbo-Rocket Fluid. Mwenye gari alitakiwa kulijaza mara kwa mara. Unafikiri walijaza? Binadamu ni wale wale, wa Detroit na wa Tandika. Tangi likiisha gari linapunguza nguvu lenyewe, mwenye gari anarudi kwa muuzaji kulalamika. Baada ya miaka miwili gari likaondolewa sokoni, na wenye magari wengi wakafunguliwa turbo zao na kufungiwa kabureta ya kawaida.

Mwaka 1973 BMW wakaleta 2002 Turbo, farasi 170 ndani ya gari dogo. Mbele chini ya bampa waliandika jina la gari kinyumenyume, ili dereva aliye mbele yako alisome kwenye kioo chake na akupishe. Watu wakawatuhumu kwamba wanachochea ubabe barabarani, na miezi hiyo hiyo vita vya Waarabu na Israeli vikapandisha bei ya mafuta dunia nzima. Gari likafa baada ya kutengenezwa 1,672 tu. Walioliendesha walilisifia na kulilaani kwa sababu ile ile moja: unakanyaga, hakuna kitu, halafu vyote vinakuja kwa pamoja.

Porsche nao, mwaka 1974, wakaonyesha 911 Turbo. Lile lilipewa jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni "mtengeneza wajane". Dereva anaingia kwenye kona, anakanyaga, anaona gari halijaitika, anaongeza. Katikati ya kona nguvu zote zinafika, na injini iko nyuma. Matako ya gari yanataka kwenda mbele. Ndugu zangu, mimi niliyapata hayo kwenye barabara iliyonyooka na bado nilitetemeka magoti. Kwenye kona sijui.

Sasa aliyekuja na akili tofauti ni Msweden. Saab, kampuni ndogo isiyokuwa na hela ya kuunda injini mpya, mwaka 1977 walionyesha Saab 99 Turbo. Mhandisi wao Per Gillbrand alijiuliza swali ambalo wenzake hawakulitilia maanani: mtu anahitaji nguvu wapi? Siyo kwenye mbio za mwisho kabisa. Anahitaji pale anapotaka kulipita lori. Kwa hiyo akachagua turbo ndogo, yenye feni nyepesi inayoamka mapema. Shida ya turbo ndogo ni kwamba injini ikikimbia sana inazungushwa kupita kiasi. Dawa yake ni mlango mdogo unaofunguka presha ikifika kiwango, moshi wa ziada upite pembeni bila kugusa feni. Mafundi wetu wanauita westigeti. Mlango wenyewe ulikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni nia: kuipima turbo kwa mahitaji ya dereva wa kila siku. Gari lile la milango mitatu, lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu kama wa Starlet yangu, lilitoa farasi 145. Hata hivyo nalo lilichelewa kidogo. Turbo zote huchelewa, suala ni kiasi gani.

Mwaka ule ule wa 1977 Renault walipeleka gari la turbo kwenye Formula 1, pale Silverstone. Liliharibika, likatoa moshi, Waingereza wakaliita birika la njano. Turbo moja kubwa, na dereva Jean-Pierre Jabouille alilazimika kukanyaga mafuta kabla hata hajafika mahali anapoyahitaji. Mwaka 1979 wakaitoa ile moja wakaweka mbili ndogo, kila moja ikihudumia nusu ya injini. Mwezi Julai mwaka huo Jabouille akashinda nyumbani kwao Ufaransa, pale Dijon. Waliokuwa wanacheka birika wakaanza kununua turbo.

Na sisi huku tumo kwenye historia hii, msifikiri ni ya Wazungu peke yao. Wazee wetu waliosimama pembeni ya barabara za Kenya kuangalia Safari Rally wanaikumbuka Toyota Celica Twincam Turbo. Gari lile Ulaya lilisumbuka. Njia za kule zina kona fupi fupi, dereva anaachia na kukanyaga kila sekunde, na turbo yake ilikuwa na usingizi mzito. Lakini lilipoletwa Afrika, kwenye barabara ndefu za vumbi ambako unakanyaga na kusahau, usingizi ukawa hauna maana. Björn Waldegård alishinda Safari mwaka 1984, Juha Kankkunen akashinda 1985, Waldegård tena 1986. Ongeza ushindi mara tatu kule Ivory Coast. Nadhani unaona alichokiona Büchi na meli zake: mpe turbo mwendo wa kudumu, haitakuangusha.

Kule Ulaya walitafuta dawa kali. Mwishoni mwa mwaka 1985 Lancia wakaleta Delta S4, injini ya cc 1,759 yenye vipuliza hewa viwili: kimoja kinazungushwa na mkanda wa injini yenyewe, kinafanya kazi tangu chini kabisa, na kingine turbo, inapokea kijiti juu. Kusubiri kukawa kumekwisha. Gari likaitika papo hapo, nguvu zikazidi uwezo wa barabara. Tarehe 2 Mei 1986, kule Corsica, Henri Toivonen na msomaji ramani wake Sergio Cresto walitoka nje ya barabara wakiwa ndani yake, gari likawaka moto, wote wawili wakafa. Chanzo hakikujulikana, na mimi sitakibuni hapa. Miezi miwili kabla, huko Ureno, gari jingine la kundi hilo lilikuwa limevamia watazamaji na kuua. Baada ya Corsica kundi zima, Group B, likapigwa marufuku kuanzia 1987. Nikiisoma habari hii namkumbuka mama na kichwa chake kwenye kiti. Tunalalamika kwamba gari linafikiri kwanza, kumbe hata lisilofikiri kabisa linaua.

Walioshika nafasi walikuwa magari yanayofanana zaidi na yetu. Lancia Delta Integrale, gari la familia la milango mitano, likashinda Safari mwaka 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion. Miaka ya 1990 wakaja akina Lancer na Impreza na ile milipuko ya pa-pa-pa dereva anapoachia mafuta. Haukuwa ubovu. Wanaacha petroli kidogo iwakie ndani ya ekzosi makusudi, ili feni iendelee kuzunguka hata mguu ukiwa juu. Inafanya kazi vizuri sana, na inaichoma turbo kama mahindi. Timu yenye turbo za akiba inaweza. Wewe na mimi hapana, ingawa najua kuna kijana Sinza ameshafunga.

Siku hizi dawa ni nyingine. Kuna turbo zenye vibao vinavyojibana na kujipanua kuongeza kasi ya moshi. Kuna za kusukumwa na mota ya umeme wakati moshi haujatosha: Formula 1 waliingiza jambo hilo mwaka 2014, na Mercedes wakaliweka kwenye gari la kuuzwa, SL 43, mwaka 2022. Mimi nina Starlet.

Basi, gereji. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema. "Turbo imekufa, kaka. Laki tisa, nakuletea ya mtumba kutoka Japani." Laki tisa! Nikamwambia nitamrudia, kwa sauti ile ambayo wote mnaijua.

Wa pili ni mzee mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ameniomba hivyo, asije akajaziwa Starlet uani. Hakugusa spana. Aliniuliza: "Lilikuwa hivi tangu ulinunue, au limeanza karibuni?" Nikafikiri. Limeanza karibuni, mwaka huu. Akasema: "Basi siyo tabia. Ni ugonjwa. Tabia huwa inazaliwa nayo."

Nikamwona profesa. Maana hapo ndipo historia yote niliyowasimulia inapoingia gereji. Turbo ya zamani kuchelewa kidogo ni tabia, na chini ya mizunguko fulani haiwezi kusukuma kitu hata ukanyage mpaka sakafu ipasuke. Hiyo dereva anaizoea. Lakini kuchelewa kunakoongezeka mwaka hadi mwaka maana yake hewa au moshi unapotea njiani.

Alifuata mpangilio, kutoka cha bei rahisi kwenda cha bei kubwa. Kwanza chujio la hewa: chafu, lakini siyo sana. Pili akatoa bomba la kuingizia hewa na kuishika feni kwa vidole. Ilicheza kushoto na kulia kidogo, ambayo ni kawaida kwa sababu chuma kinaelea kwenye oili. Haikucheza ndani na nje, na mapanga yalikuwa hayajagusa ukuta. "Hii turbo nzima," akasema. Laki tisa zangu zikarudi mfukoni.

Tatu, akaangalia gasketi kati ya injini na turbo kama kuna alama nyeusi za moshi unaovuja, kwa sababu moshi ukitokea pale haufiki kwenye feni. Safi. Nne ndiyo niliipenda. Akaziba mdomo wa bomba la hewa kwa kizibo alichokitengeneza mwenyewe, kina valvu ya tairi katikati. Akaingiza upepo wa kompresa polepole, isizidi nusu baa, maana ukizidisha unang'oa mabomba na kuharibu sili. Halafu akachukua kopo la maji ya sabuni na kuanza kumwagia viungo vyote kama anabariki.

Chini ya bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye intakula, upande ambao jicho halifiki, sabuni ikachemka. Ufa wa urefu wa kidole. Joto la miaka zaidi ya 25 limelikausha. Na pembeni yake klampu ilikuwa imelegea, kazi ya fundi fulani aliyepita huko zamani, na aliyepita huko zamani nilikuwa nimemlipa mimi. Kila nilipokanyaga, turbo ilikuwa inaamka kama kawaida, inasukuma hewa, hewa inatoka kwenye ufa, injini inasubiri.

Tano, akaupima mlango wa westigeti kwa pampu ndogo. Springi imechoka, mlango unafunguka mapema kabla ya wakati, moshi unakwepa feni. Akaurekebisha mkono wake mizunguko michache tu. Nikamwuliza kwa nini asikaze zaidi nipate na nguvu za ziada. Akaniangalia. "Wewe unataka kumpita lori au unataka kununua injini?" Nikanyamaza.

Bomba jipya la silikoni na klampu mbili nilizifuata Gerezani. Pamoja na ufundi sikufikisha laki mbili.

Jumapili nililijaribu. Halijawa Tesla, msidanganyike. Chini ya mizunguko 2,500 bado ni Starlet ya kwenda sokoni. Lakini ile ganzi imeondoka. Unakanyaga, unahesabu moja, limeitika, tena kwa kupanda taratibu, halirushi teke. Na mzee amenifundisha kitu ambacho hakihitaji spana: kabla ya kutoka kumpita mtu, shusha gia kwanza ukiwa bado nyuma yake, mshale upande juu ya 3,000, turbo iwe imeshaamka, ndipo uchungulie. Nikikumbuka vizuri, pale Chalinze nilikuwa gia ya tano kwenye kilima. Ufa ulichangia, westigeti ilichangia, lakini ule uamuzi ulikuwa wangu, na hilo sikumwambia mama.

Nimemwambia jana. Nilimpigia nikamweleza yote, ufa, sabuni, gia ya tano. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama limepona. Nikasema limepona. Akasema arobaini ya shangazi ni wiki ijayo, na kwamba nimfuate saa kumi na mbili asubuhi, ila nisikimbize.

Wenye Starlet, Forester na wengine wenye turbo za uzeeni, nipeni visa vyenu. Na kama kuna anayejua klampu nzuri ambazo hazilegei, aseme, asiwe mchoyo.